Silsila ya Kosa

Jahazi linapovuja, maji huonekana ngamani. Huko ndiko yanakokusanyika, na huko ndiko mabaharia wanakoinama kuyateka na kuyamwaga. Lakini hapana fundi wa kalafati mwenye akili zake atakayetia pamba pale yalipotuama maji. Fundi huyafuata nyuma. Huupapasa ubao kwa kiganja, huiandama njia ya unyevu kutoka taruma hadi taruma, mpaka afike penye ufa. Na mara nyingi ufa huo huwa mbali na ngama, juu, upande wa tezi, mahali palipokuwa pakavu machoni pa kila mtu. Mahali pa maji si mahali pa tundu.

Jambo hili, ambalo watu wa bahari hulijua bila ya kusomeshwa, huwa gumu ajabu linapohamishwa kutoka kwenye mbao likapelekwa kwa wanadamu. Duka likipata hasara, hukamatwa aliyekuwa kwenye meza ya fedha. Mtoto akianguka mtihani, huulizwa mwalimu wa mwaka ule wa mwisho. Ukuta ukiporomoka, hutafutwa aliyeuegemea. Kila mara mkono wa lawama humwangukia aliyesimama karibu na maji, na aghalabu hauendi mbele ya hapo. Swali basi ni la kale, na ni la kila siku: Je, anayekutwa na kosa ndiye mkosaji? Na ikiwa siye, afuatwe nani, na afuatwe hadi wapi?

Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa karne nyingi. Lakini wako watu wa zama hizi ambao hulazimika kulijibu kila uchao, si kwa hoja bali kwa kazi ya mikono yao, na jibu lao likiwa baya, kazi hukataa kwenda. Watu hao ni watunzi wa programu za kompyuta. Namna wanavyoyasoma makosa ya mashine ina mafunzo yanayopita mipaka ya mashine.

Programu ya kompyuta si amri moja ndefu. Ni jamii ya vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake, na kila kimoja hukiita kingine kimsaidie. Mithili yake ni shughuli ya harusi. Mwenye harusi humwita mpishi. Mpishi humtuma kijana akalete mchele. Kijana humwendea mwenye duka. Mwenye duka huingia ghalani kufungua gunia. Wakati mkono wake umo ndani ya gunia, wote wanne wamo kazini na hapana hata mmoja aliyemaliza. Mwenye duka hajamjibu kijana, kijana hajarudi kwa mpishi, mpishi hajainjika sufuria, na mwenye harusi angali anangoja. Kompyuta huwaweka hawa wanaongojana kama sahani zilizopandanishwa: wa mwisho kuitwa hukaa juu kabisa, naye ndiye wa kwanza kuondolewa kazi yake inapokwisha.

Gunia likikutwa tupu, shughuli yote hukatika. Lakini kabla ya kusita, kompyuta huandika ushahidi: aliyekwama ni mwenye duka, katika mstari kadha wa maagizo yake, aliyemwita ni kijana, katika mstari kadha, aliyemtuma kijana ni mpishi, aliyemwita mpishi ni mwenye harusi. Orodha hiyo wanaprogramu huiita kwa jina la kigeni, stakitresi. Katika lugha ya pwani jina linaloielekea ni silsila, kwani ndivyo ilivyo hasa: huyu kutoka kwa huyu, na huyu kutoka kwa yule, mpaka mwanzo.

Lugha za kompyuta hazikubaliani namna ya kuiandika. Katika lugha iitwayo Java, silsila huanza na aliyeanguka, kisha huteremka kwa waliomtuma, mmoja baada ya mmoja. Katika lugha ya Python, kwa kawaida huanza na mwenye harusi na kumalizia kwa aliyeanguka, na juu yake hutangulizwa onyo kwamba mwito wa karibuni zaidi uko mwisho. Msomaji wa tarikh atatabasamu, kwani hizi ndizo njia mbili za kusimulia msiba tangu zamani: kuna anayeanza na maiti, na kuna anayeanza na asubuhi ya siku ile.

Mwanafunzi anapoikuta silsila ya mistari arubaini kwa mara ya kwanza, hushikwa na kiwewe. Wengine huufunga ukurasa bila ya kusoma. Wengine husoma mstari mmoja tu, ule unaomtaja aliyeanguka, wakaenda mbio kumtengeneza huyo: wakimwamuru mwenye duka, kwa mfano, kwamba gunia likiwa tupu asilalamike, atoe kiganja cha hewa na kukiita mchele. Programu itaendelea. Kijana atapokea hewa, mpishi atainjika hewa, na aibu itakayokuwa imeondolewa dukani itajitokeza mbele ya wageni, kubwa kuliko ilivyokuwa, na safari hii bila ya dalili ya ilikotoka.

Mwanaprogramu mzoefu husoma kwa utulivu. Kwanza hutazama ni kitu gani kilichotokea. Kisha huipita mistari ya vipande alivyoazima kwa watu wengine, ambayo mara nyingi ndiyo mingi, mpaka afikie mstari wa kwanza ulioandikwa kwa mkono wake au wa wenziwe. Hapo husimama na kujiuliza swali ambalo silsila yenyewe hailijibu: hili gunia tupu, limefikaje hapa?

Hailijibu kwa sababu silsila si tarikh kamili. Silsila huwataja wanaongoja; haiwataji walioondoka. Yuko mtu ambaye jana alitumwa kulijaza gunia lile. Alilishona mdomo bila ya kutia kitu, akalipanga pamoja na mengine, akasema, “Tayari,” na akaruhusiwa kwenda zake. Sahani yake imekwisha kuondolewa katika rundo. Leo wanapoandikwa waliokuwapo, mwenye duka yumo, kijana yumo, hata mwenye harusi asiyejua bei ya mchele yumo. Aliyelishona gunia hayumo. Orodha haikusema uongo hata neno moja. Kila aliyetajwa kweli alikuwapo, na kweli alikuwa kazini. Lakini atakayeichukua orodha hiyo kuwa ni hukumu atakuwa amewaadhibu waliobaki na kumsamehe aliyemaliza mapema.

Mshairi hana haja ya kompyuta ili alielewe hili. Mtunzi wa shairi la mtiririko hushika vina vilevile, vya kati na vya mwisho, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Akikichagua kina adimu kwa kuwa neno moja lilimpendeza, hataiona taabu katika ubeti wa kwanza, wala wa pili. Ubeti wa saba ndio utakaomuumbua. Hapo maneno yatakuwa yamemwishia, na litaletwa neno lisilotakiwa na maana, lipindwe mpaka likubali kina. Msomaji atautia kidole ubeti wa saba, na hatakuwa amekosea, kwani ubeti huo kweli ni dhaifu. Lakini mtunzi akikaa usiku kucha akiurekebisha huo peke yake, atahangaika bure. Udhaifu umeonekana katika ubeti wa saba, nao ulikwisha kuamuliwa katika ubeti wa kwanza, ambao watu wameusifu.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili ulitokea mbali na visiwa hivi, katika pwani ya Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1996, roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, ikichukua setilaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster. Hapakuwa na mtu ndani yake. Kiasi cha sekunde 40 baadaye, ikiwa katika kimo cha mita 3,700 hivi, iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka. Vipande vyake vilitawanyika katika eneo la kilomita za mraba 12 hivi, karibu lote mikoko na mbuga, hata walioutafuta ukweli wa mambo iliwapasa kuanza katika matope ya mikoko.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Jacques-Louis Lions, mwanahisabati wa Kifaransa, nayo ilitoa ripoti yake tarehe 19 Julai 1996. Tume iliifuata njia ya fundi wa kalafati: ilianza na kuvunjika kwa roketi, ikarudi nyuma hatua kwa hatua. Roketi ilivunjika kwa kuwa ilipinda ghafla, na nguvu ya hewa ikaikata. Ilipinda kwa kuwa midomo ya injini zake iligeuzwa hadi ukomo. Iligeuzwa kwa amri ya kompyuta kuu. Kompyuta kuu iliamuru hivyo kwa sababu ilipokea tarakimu kutoka kwa chombo cha kupima mwelekeo na mwendo, ikazidhani kuwa ni habari za safari, kumbe zilikuwa ni taarifa za hitilafu. Chombo kilituma taarifa hizo kwa kuwa kilikuwa kimejizima. Na kilijizima kwa sababu namba moja inayohusu mwendo wa kwenda upande, iliyohifadhiwa kwa biti 64, ilitiwa katika nafasi ya biti 16, nafasi isiyopokea namba iliyozidi 32,767. Nayo ilikuwa imezidi.

Kulikuwa na chombo cha pili, cha akiba, kilichowekwa kwa ajili ya dharura ya namna hiyo. Kilikwisha kujizima kabla ya cha kwanza, kwa sababu ileile, kwani vyote viwili vilikuwa na programu moja. Mashahidi wawili waliokariri kwa mwalimu mmoja ni shahidi mmoja.

Hapo ndipo silsila ya mashine ilipokomea: kwenye namba moja iliyokataa kuingia katika chombo kidogo. Lau tume ingelisoma hapo tu, ingelisema namba ilikuwa kubwa mno, na shauri lingelikwisha. Lakini tume iliuliza namba ile ilikuwa ikitafuta nini pale, na jibu lilikuwa la kustaajabisha. Hesabu iliyokwama haikuwa na kazi yoyote tena kwa wakati ule. Ilikuwa ni hesabu ya kukisawazisha chombo kabla ya kuruka, iliyorithiwa kutoka kwa Ariane 4. Katika roketi ile ya zamani iliachwa iendelee kwa muda mfupi baada ya kuruka, ili kama hesabu ya kuondoka ingesimamishwa ghafla iweze kuanzwa tena bila ya kungoja usawazishaji wa kawaida ufanywe upya. Ariane 5 haikuihitaji. Iliachwa kwa kuwa ilionekana si busara kukigusa kitu kilichofanya kazi vizuri katika Ariane 4. Tena, palikuwa na namba saba zilizoweza kuleta hatari hiyo. Nne ziliwekewa kinga, tatu zikaachwa wazi, kwa sababu kompyuta ile ilikuwa imewekewa lengo la kutochukua zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Mapatano hayo yalifanywa na pande kadhaa zilizoshirikiana katika mradi. Na katika safari za Ariane 4 yalikuwa ni mapatano salama, kwa kuwa njia ya roketi ile haikuweza kuifikisha namba kwenye kiwango cha hatari. Ariane 5 ilikwenda kwa njia nyingine, yenye mwendo wa upande mkubwa zaidi mno.

Ni akina nani basi walioiangusha Ariane 5? Walioamua hawakuwamo katika rundo la miito ya asubuhi ile. Walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao, tena waliimaliza vyema, kwa roketi nyingine, na walijibu “tayari” kwa haki. Hapa mfano wa gunia unapata uchungu zaidi. Aliyelishona gunia tupu alidanganya. Hawa hawakumdanganya mtu. Walitoa jibu sahihi kwa swali la zamani, na jibu hilo likachukuliwa mzima mzima kuwa jibu la swali jipya ambalo hapana aliyewauliza. Kosa halikuwa mikononi mwa aliyetoa wala aliyepokea. Lilikuwa katika kupokezana, pale ambapo kitu kilihamishwa na masharti yake yakaachwa nyuma.

Tume iliongeza neno moja linalostahili kukumbukwa. Ilisema kwamba waundaji walikuwa na mwelekeo wa kuidhania programu kuwa ni sahihi mpaka ionekane na kosa, ilhali inayopasa ni kinyume chake: programu idhaniwe kuwa na kosa mpaka itumike njia bora iliyopo kuuthibitisha usahihi wake. Kwa binadamu sheria husema asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Kwa mashine tume ilitaka ugeuzwe upande.

Nchini Uingereza, katika miaka hiyohiyo, mambo yaligeuzwa kichwa chini. Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kueneza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Wasimamizi wa matawi, wengi wao watu wa vijijini na mitaani walioheshimiwa na majirani, walianza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuweza kuueleza. Hasara ilionekana kwenye kaunta, na aliyekuwa kwenye kaunta ndiye aliyeshitakiwa. Sheria ya wakati huo iliidhania kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na msimamizi wa tawi dogo angethibitisha kwa nini, ilhali yaliyomo ndani ya mfumo hakuruhusiwa kuyaona? Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wako waliofungwa, wako waliofilisika kwa kulipa fedha wasizozichukua, na wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Wengi wao walipolalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo.

Katika mwezi wa Disemba 2019, katika kesi iliyofunguliwa na wasimamizi 555 wakiongozwa na Alan Bates, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu katika hesabu za matawi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39, ikieleza pia kwamba Shirika lilishindwa kuyaweka wazi mambo iliyopasa washitakiwa wayajue. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu za mamia wengine kwa pamoja. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kutoka kwenye maji mpaka kwenye tundu.

Wanaprogramu wana jina kwa tendo linalofanana na hilo: husema kosa limemezwa. Lugha za kompyuta humruhusu mtunzi kukizungushia kipande cha kazi uzio na kuandika kwamba, ikitokea hitilafu ndani yake, mambo yaendelee kama kwamba hapana kilichotokea. Uzio huo una matumizi yake ya halali. Lakini mtu akiuweka kwa uvivu au kwa kuona haya, huwa ameukata ulimi wa shahidi. Namna nyingine, ya adabu zaidi kwa sura, ni kulipokea kosa la chini na kulitangaza juu kwa jina jipya, pasi na kutaja lilikotoka. Java imelifikiria hilo: mwenye kulibadilisha kosa jina anaweza kulifungamanisha na lile la asili, na silsila ikaandikwa yote, pamoja na maneno yenye maana ya “limesababishwa na”. Asiyefanya hivyo huwaachia wanaomfuata kosa lisilo na nasaba. Maofisini tendo hilo lina maneno yake mazuri: “tatizo la kiufundi”, “sababu zisizozuilika”, “jambo hili linashughulikiwa”. Kila moja ya ibara hizo ni silsila iliyokatwa.

Hata hivyo, iko hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Ikiwa kila kosa lina lililolitangulia, na kila mwenye lawama ana aliyemtuma, basi mwisho wake hapana mkosaji. Mwizi atasema alifundishwa na njaa. Njaa itasema imeletwa na ukame. Na kila mtu atarudi nyuma mpaka kwa Adamu, akajipumzisha huko. Aliyezoea kusema “si mimi, ni aliyenituma” hatasahihisha kitu maishani mwake. Yule mwenye kumkamata aliye karibu na maji, pamoja na dhuluma yake, walau amemkamata mtu.

Aristotle alilijibu hili kwa kusema kwamba tendo huhesabiwa la mtu kwa hiari yake pale asili ya tendo hilo inapokuwa ndani yake mwenyewe, naye anajua alifanyalo. Ni jibu jema, lakini linapima moyo wa mtu mmoja, na makosa mengi ya leo yameenea katika mikono mingi, kila mkono ukiwa na sehemu ndogo ya ujuzi na sehemu ndogo ya hiari. Kazi ya wanaprogramu inaongeza jambo. Wao hawasomi silsila ili wafike mwanzo wa dunia. Husoma mpaka wafike mahali ambapo pakitengenezwa, anguko hili halitarudi, wala mengine yaliyo jamaa yake. Hapo husimama. Mipaka ya kurudi nyuma huwekwa na uwezo wa kutengeneza. Ukame hautengenezeki kwa amri ya mahakama, kwa hivyo mwizi hapati udhuru kwake. Gunia lililoshonwa tupu latengenezeka, kwa hivyo msomaji hana ruhusa ya kuishia dukani.

Wala kufika kwenye asili hakumwondolei dhamana aliye karibu. Ariane 5 ingeliweza kuokolewa mahali pengi. Kama namba ile ingewekewa kinga, kama hesabu isiyo na kazi ingezimwa, kama chombo kingejaribiwa mapema kwa njia halisi ya roketi mpya, basi mojawapo tu lingeutosha msiba. Mwenye duka naye angeweza kulipima gunia kwa mkono kabla ya kuliweka ghalani. Kwa hivyo lawama na dhamana ni vitu viwili. Lawama humtafuta mmoja, na ikimpata hulala. Dhamana humpitia kila mmoja katika silsila na kumwuliza: wewe, hapo uliposimama, ungeliweza kuzuia nini? Baharia anayeteka maji ngamani hafanyi kosa, bila yeye chombo kitazama kabla ufa haujaonekana. Kosa ni kudhani kwamba kuteka ndiko kuziba.

Linabaki gumu la mwisho. Silsila haiwataji walioondoka. Msomaji mwenye bidii huweza kuwakisia, tume huweza kuwatafuta, mahakama huweza kuagiza nyaraka zifunguliwe. Lakini yako makosa ambayo yamezagaa mno, na ya zamani mno, hata hapana orodha itakayoyafikisha kwa mwenyewe. Katika hayo haki haina mlango ila mmoja, nao hufunguliwa kwa ndani.

Mwaka 1965 mtaalamu wa Kiingereza, Tony Hoare, alikuwa akibuni sehemu za lugha ya kompyuta iliyoitwa ALGOL W. Palihitajika namna ya kuonyesha kwamba mahali palipoandaliwa kitu fulani pangali patupu. Aliingiza alama ya “hapana kitu”, ambayo iliweza kukaa popote palipotarajiwa kitu, bila ya anayeipokea kulazimishwa kuichungua. Kwa maneno mengine, aliruhusu gunia tupu lipite popote linapopita gunia lililojaa. Alama hiyo iliingia pia katika lugha nyingi zilizofuata. Tangu hapo programu zisizo na idadi zimeanguka kwa sababu kipande fulani kilipewa kilichodhaniwa kuwa kitu, nacho hakikuwa kitu. Kila zilipoanguka, silsila iliandikwa, na iliwataja waliokuwapo: mwenye duka, kijana, mpishi, mwenye harusi. Haikulitaja jina la Hoare hata mara moja, wala isingeliweza.

Mwaka 2009, katika mkutano wa wanaprogramu mjini London, Hoare alisimama mbele ya watu na kulidai kosa hilo kuwa ni lake. Alieleza kwamba alishindwa kujizuia kuitia alama ile kwa kuwa ilikuwa rahisi mno kuitia, akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Hapana aliyemshitaki. Zilikuwa zimepita miaka 44, na heshima kubwa za fani yake alikwisha kuzipata. Angeweza kukaa kimya, na silsila zote duniani zingelimnyamazia.

Baadhi ya lugha zilizokuja baadaye humlazimisha mpokeaji alichungue gunia kabla ya kulifungua. Maji yalikuwa yakitekwa kwa miongo minne. Kisha mwenye ubao alijitokeza mwenyewe na kuuonyesha ufa.